Uso Uliooshwa

Maiti ilikuwa ya kijani kuanzia shingoni kwenda chini. Uso ulikuwa safi. Mikono nayo ilikuwa safi, mpaka kwenye viwiko.

Ililala ukingoni mwa mfereji nyuma ya kiwanda cha nguo, na mfereji wenyewe ulikuwa wa kijani siku ile. Watu wa bondeni hawana haja ya kwenda madukani kutazama mitindo, wanaijua kwa rangi ya maji. Wiki iliyopita yalikuwa mekundu, kuku wakafa.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kupe kwa kuwa akishika haachii, alichuchumaa.

"Nani huyu?"

"Mpima maji wa manispaa, afande," sajini alijibu. "Alikuwa na chupa sita za sampuli. Hazionekani."

Daktari alipiga simu kabla ya adhuhuri. Kisogoni palikuwa na jeraha. Mapafu yalijaa rangi nzito kuliko ya mfereji. Marehemu alizama ndani ya pipa la kiwandani jana mchana, kisha akahamishwa.

"Na uso?"

"Umesuguliwa kwa dawa ya kutoa rangi. Baada ya kufa."

Kupe alianza na meneja. Meneja alikuwa na kila sababu ya kumchukia mpima maji, na jasho lilimtoka ipasavyo. Lakini jana kutwa alikuwa na wanunuzi kumi na mmoja, akiwaahidi sketi elfu arobaini kwa siku tisa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," sajini alinong'ona.

Wakaingia chumba cha rangi. Mvuke uliwachoma macho. Zamu ya asubuhi ilikuwa ikitoka, na wanawake saba walijipanga bombani. Kila mmoja alichota dawa koponi, akasugua uso, kisha mikono, mpaka kwenye viwiko. Palipobaki palifunikwa na sare.

Kupe aliwatazama wote saba, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwita mkuu wao kando. Alikuwa mama wa makamo, miaka ishirini na miwili kazini. Alikuwa pia dada wa marehemu.

"Pole tena, mama."

"Asante, afande."

"Mdogo wako ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Mlinzi alimwandika getini jana, saa ya chakula. Wenzako walikuwa nje. Nani alibaki humu?"

Mama alivuta mikono ya sare ikafunika viwiko.

"Maiti huoshwa na ndugu, mama. Wewe uliwahi."

Mama aliketi juu ya gunia la chumvi.

"Nilimlea mimi," alisema. "Mama yetu alifariki huyu hajaota meno. Nikamsomesha kwa rangi hii hii, mpaka akajua kupima maji. Jana akaja mbio. 'Dada, ushahidi umetimia, wanakifunga kiwanda wiki hii. Maji haya yanakuua.' Nikamwambia najua. Nakohoa rangi, nisijue? Lakini binti yangu amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Nikamwomba angoje huo mwaka. Akasema watoto wa bondeni hawana mwaka wa kungoja."

"Alisema uongo?"

"Alisema kweli. Ndiyo maana nilimsukuma."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilitaka chupa zake tu. Aliteleza, kisogo kikagonga ukingo wa pipa, akatumbukia. Ningeweza kuita watu."

"Hukuita."

"Sikuita. Nilimtoa kwa toroli la vitambaa, nikampitisha mlango wa nyuma. Chupa nikazimwaga mferejini."

"Kwa nini ulimwosha?"

Hapo ndipo alipolia.

"Ningemwachaje vile? Nimemwosha uso tangu mdogo."

Kupe alimfunga pingu mwenyewe. Kesi ilikwisha kwa siku moja, na hakuna aliyempongeza.

Kesho yake maji yalikuwa ya njano. Kupe alijaza chupa, akaipeleka manispaa.

"Iache hapo mezani," karani alisema. "Mpima maji hatuna."

Akarudi kiwandani. Kwenye pipa la mama alisimama msichana, sare ikimpwaya.

"Wewe nani?"

"Binti yake. Meneja amesema nianze leo."

"Na chuo?"

"Aliyenilipia chuo ni mama, afande."

Kengele ililia. Msichana akafuata wenzake bombani, akachota dawa koponi. Alitazama kwanza wanavyofanya. Kisha akaanza na uso.