Faili Lisilo na Kosa

Kaunta ya kiwanda cha uchapaji ilijaa watu hadi mlangoni, na kila mmoja alitaka kazi yake itoke kwanza. Nyuma ya kaunta hiyo alisimama binti mrefu mwenye gauni la kijani, miwani imepandishwa kwenye nywele. Yeye ndiye aliyekagua mafaili ya wateja kabla ya kutolewa filamu, zile karatasi za plastiki za kuchapia. Filamu ikishatoka na kosa, haina dawa. Hutupwa, na kazi huanza upya.

Kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi alijipenyeza mbele. Alikuwa msanifu wa majalada ya vitabu. Mfukoni mwake penseli zilijipanga kwa urefu kama askari.

"Dada, habari za kazi? Nina jalada hapa."

Binti alifungua faili. Kompyuta yake haikuwa na fonti aliyotumia msanifu, ikaweka nyingine. Herufi nzuri za kichwa cha kitabu zikawa kama za tangazo la mnada.

"Kaka, umeniletea koti bila vifungo. Fonti iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Inafanya nini nyumbani?"

"Inapumzika."

Foleni nzima ilicheka. Binti alijitahidi kununa, akashindwa.

Fonti ililetwa mchana huohuo. Jalada lililofuata lilikosa picha. Jingine halikuwa na ziada ya rangi pembeni, ile inayokatwa na kisu ili karatasi isibaki na mstari mweupe. Kila mara ilibidi msanifu apigiwe simu, na simu zikazidi kuwa ndefu.

"Bwana Fonti, leo umesahau picha."

"Nakuja, Bibi Filamu. Umekula?"

"Mimi naulizia picha, wewe unaulizia chakula!"

"Basi nitakuja na vyote viwili."

Walikula kwenye ngazi za nyuma ya kiwanda, katika harufu ya wino mbichi, huku shangazi yake binti, mwenye kiwanda, akipitapita bila shughuli yoyote. Majira yalipobadilika, "dada" na "kaka" zilikuwa zimekwisha. Palikuwa na "mpenzi" na "roho yangu".

Ndipo binti akapatwa na homa, akabaki nyumbani. Aliyemshikia zamu hakukagua chochote. Jalada la msanifu, lililokosa fonti kama kawaida, lilikwenda moja kwa moja kwenye mashine, na filamu zote zikatoka na herufi za mnada. Shangazi alizitupa. Binti alirudi kazini akazikuta kwenye pipa.

"Kazi yangu unaiona mchezo," alisema kwenye simu.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Usijali kazi yangu, halafu nitegemee utanijali mimi?"

Akakata. Msanifu alipiga tena na tena. Simu ililia ndani ya droo.

Baadaye likaja faili jipya kwa barua pepe. Binti alilifungua akiwa amekunja uso. Fonti zilikuwemo. Picha zilikuwa kali, zimegeuzwa tayari kwa rangi nne za uchapaji. Ziada ya pembeni ilikuwepo, na alama za kukatia zilisimama mahali pake. Alitafuta kosa kama mtu aliyepoteza pete. Hakuliona. Badala ya kufurahi, alihisi machozi.

"Shangazi, ameniacha. Hajaacha hata kitu kimoja cha kumpigia simu."

Shangazi aliangua kicheko, akajishika kiuno.

"Mwanangu, mtu anayepanga penseli zake kwa urefu, wewe uliamini kweli kwamba anasahau fonti?"

Binti aliduwaa. Kisha akafungua droo, akatoa simu, akampigia msanifu.

"Faili lako lina kosa," alisema.

"Haiwezekani! Nimelikagua mpaka macho yameniuma."

"Lina kosa. Njoo."

Alifika akihema, shati limechomoka, penseli zimevurugika. Binti hakuwahi kumwona hivyo, akampenda zaidi.

"Kosa liko wapi?"

"Hukusahau kitu. Sasa nikupigie simu kwa sababu gani?"

Msanifu alitazama viatu vyake. "Ile fonti ya kwanza niliisahau kweli. Mengine yote nilifanya makusudi, nipate kukuona. Siku ya homa sikujua kwamba hupo. Nilikosea, roho yangu. Nimeshamwomba shangazi radhi."

"Ameomba!" sauti ilitoka nyuma ya kabati. "Tena kwa adabu!"

"Shangazi!"

Binti alipeleka faili kwenye mashine. Filamu zilipotoka, walizitandaza pamoja juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Kila herufi ilikuwa pale alipoiweka msanifu.

"Nimechoka kutafuta visingizio," msanifu alisema taratibu. "Niruhusu nije kwenu na wazazi wangu. Nataka nikuone kila asubuhi bila kusahau kitu."

Binti alishusha miwani, akamkagua kuanzia kola hadi viatu, kama afanyavyo kwa filamu.

"Njoo nao. Ila nakuonya, Bwana Fonti: ukifika peke yako, nitauliza wako wapi."

"Nitasema wako nyumbani."

"Wanafanya nini nyumbani?"

"Wanapumzika," alisema, na safari hii binti hakujitahidi hata kidogo kununa.