Tarehe ya Tatu

Dada alipowasha kompyuta asubuhi alikuta faili ambalo hakulitengeneza. Lilikuwa tupu, halina hata herufi moja ndani, na jina lake lilikuwa "mama".

Alidhani ni utani wa mdogo wake. Wawili hao waliendesha karakana ya kanda za zamani katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao. Dada alisikiliza kanda na kuandika tarehe. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alishughulika na ile skrini nyeusi isiyo na picha, unaandika amri na mashine inatii.

"Baba wa watoto watatu, bado unacheza," alimwambia.

"Mimi? Ukiandika touch ukaweka na jina, faili limezaliwa, hata Kibonge anaweza. Lakini hilo si langu."

Kibonge alikuwa mtoto wake wa mwisho.

Adhuhuri, wakiwa chumba cha nyuma wanakula, walisikia vitufe vikibonyezwa kule mbele, kimoja kimoja, kama vya mtu anayejifunza kuandika. Walipokwenda hawakukuta mtu. Kiti kilikuwa cha moto, chumba kilinuka nywele zilizoungua, na kwenye skrini palikuwa na faili jingine tupu, lenye jina "kibonge" na tarehe ya Jumapili ambayo bado haijafika.

Jumapili ilipofika Kibonge aliamka, akafungua mdomo amwite mama yake, na kilichotoka kooni ni mlio wa vitufe.

Bibi yake akamwita mganga. Mganga aliuliza kama walipokea kanda yoyote ya kisomo.

"Moja," Dada alisema. "Mwenyewe aliomba tuunge utepe uliokatika. Akatusihi tusiinakili."

"Basi kuna aliyenakili. Jini alikuwa amefungwa humo, na nakala ni mlango. Aliyemfungulia ndiye atakayeondoka naye, na nyumba hii hataikanyaga tena. Kesho alasiri nitakuja kumfunga jini kwake. Nimkute ameshajulikana."

Kesho yake asubuhi Fundi aliitafuta nakala mbele ya mama yao, akaipata. Tarehe yake ilikuwa Jumanne. Jumanne Fundi alikuwa mjini kutafuta vipuri, na karakanani alibaki Dada peke yake.

"Labda ulibonyeza bila kujua, dada yangu," alisema, kwa upole mwingi kiasi kwamba Dada alikaribia kuamini. Mama alikuwa anakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Walipomwacha, Dada alikaa kwenye kile kiti. Kumbukumbu zote za ukoo ule, nani alizaliwa lini, nani alizikwa lini, zilikuwa kichwani mwake, na hakuwahi kukosea siku. Aliiamuru mashine imwoneshe habari zote za lile faili. Zilikuja tarehe tatu. Mbili zilisema Jumanne. Ya tatu, ambayo mashine hujiandikia yenyewe kila habari za faili zinapobadilishwa, ilisema jana jioni, na hapo akabonyeza mshale wa juu, ule unaorudisha amri zilizokwisha kuandikwa, moja moja, kisha akaubonyeza tena, na tena, huku nyuma yake pakiwa na kitu kinachopumua polepole bila haraka yoyote, mpaka ikajitokeza touch, amri ya kuzaa faili ambayo pia hulibadilishia tarehe, na baada yake tarehe ya Jumanne, na baada yake jina la ile nakala.

Aligeuka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

"Sema taratibu," Fundi alinong'ona. "Watoto watasikia."

"Nimekulea mgongoni mwangu."

"Najua."

"Ukanakili wewe, ukaniandikia mimi."

"Nina watoto watatu, dada. Mimi nikiondoka, nani atawatazama? Wewe huna wa kumwacha."

"Nina mama."

Fundi aliangalia miguu yake. "Mimi nilitaka kuweka Jumatano," alisema. "Mama ndiye aliyekumbuka kwamba Jumanne ulikuwa peke yako." Dada akalikumbuka faili la kwanza, lile tupu lenye jina "mama".

Alasiri mganga aliketi sakafuni na uzi wake mweusi. Dada alimgeuzia skrini, akamwonesha kwa kidole.

"Tazama tarehe ya tatu."

"Mimi sisomi mashine, mwanangu. Nawasikiliza wenye nyumba." Akamgeukia mama. "Ni nani?"

Mama alimtazama mwanawe wa kiume, kisha wa kike, kisha ukuta uliokuwa katikati yao.

"Ni huyu binti yangu," alisema.

Dada hakuvuta mkono. Uzi ulizungushwa kwenye kifundo, ukapigwa fundo, na kabla mganga hajamaliza kunuia, kutoka chumba cha nyuma Kibonge aliita, "Mama, nina njaa," kwa sauti yake ileile nene, na nyumba nzima ikakimbilia huko, mama, Fundi, mganga mwenyewe, wakicheka na kulia na kugombania kumbeba, wala hapakuwa na hata mmoja aliyegeuka kumtazama yule aliyebaki sakafuni na mkono wake mbele, akisubiri aambiwe ainuke.

Pumzi ya moto ikamgusa sikio.

"Najua si wewe," ilisema sauti, taratibu, kama mtu wa nyumbani. "Lakini wamekutoa wenyewe, na mimi sikatai ninachopewa. Inuka, dada. Twende."