Nyaya Zilizoishia Ukingoni

Kila alasiri Kaisa Rautio aliposhuka kwenye basi la shule, hakuingia ndani moja kwa moja. Alipitia bandani kwanza. Alisukuma kwa buti theluji iliyojikusanya mlangoni, akaingia kwenye gari la marehemu baba yake, akashika usukani kwa mikono miwili. Vidole vilipoanza kuuma kwa baridi, ndipo alipokwenda kula.

Lilikuwa gari la zamani, la enzi ambazo watengenezaji walipenda mbwembwe. Dashibodi yake haikuwa na mishale. Ilionyesha mwendo kwa tarakimu za kijani zinazowaka. Tena lilikuwa linaongea! Ukisahau kufunga mlango, sauti ya mwanamke, tulivu kama ya mtangazaji wa redio, ilikwambia, "Mlango uko wazi." Baba alikuwa akibishana na sauti hiyo safari nzima, abiria wakivunjika mbavu kwa kicheko. Kisha asubuhi moja ya Januari alitoka kuondoa theluji njiani, akaanguka na beleshi mkononi. Moyo ulisimama. Tangu siku hiyo gari halikutoka bandani. Panya walihamia ndani ya dashibodi, wakatafuna nyaya, tarakimu zikazimika, na sauti ikanyamaza.

"Theluji ikiyeyuka, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua," Mama alisema siku moja mezani. "Siwezi kutunza kaburi la pili hapa nyumbani."

"Na likipona je?" Kaisa aliuliza.

"Likipona tutalipanda. Nani wa kuliponya?"

Wote walimgeukia Mjomba Rudy, kaka yake Mama, aliyekuwa ameujaza mdomo pai ya nyama.

"Msinitolee macho!" alisema. "Nyuma ya dashibodi ile kuna nyaya kama sahani ya tambi. Nileteeni mchoro wa nyaya, wa gari lile lile na mwaka ule ule, nitalifufua. Bila mchoro mimi ni mpishi aliyefungwa kitambaa machoni. Nitawapikia sabuni."

Basi Kaisa akaanza kuusaka mchoro. Kwenye duka la vipuri walimcheka: "Gari hilo? Kamuulize Nuhu!" Fundi wa kituo cha mafuta alimwambia vitabu vya magari hayo vilishawashiwa moto jikoni. Mwisho wake alifika maktaba ya mji.

Mkutubi, Bi Odile LaBine, alitoa kitabu kinene cha magari hayo, chenye madoa ya grisi. "Kitabu hiki hakitoki humu ndani, mwanangu. Wilaya nzima kipo hiki kimoja."

Mchoro ulikuwa kwenye karatasi kubwa iliyokunjwakunjwa. Ulipokunjuliwa ulifunika nusu ya meza, na mistari yake ilipishana kama nyayo za kuku kwenye theluji. Mashine ya kutoa kopi haikuuweza.

"Nitakupa karatasi nyembamba ya kunakilia," alisema Bi Odile. "Kaa pale dirishani, nakili taratibu. Leo ukishindwa, rudi kesho. Haraka ya nini?"

Kaisa alitazama nje. Barafu iliyoning'inia kwenye paa ilikuwa imeanza kudondosha matone. Theluji ikiyeyuka, alisema Mama. Bi Odile alipoitwa na mzee mmoja kwenye rafu za mbali, Kaisa alitoa mkasi wake mdogo. Alikohoa kwa nguvu ili sauti ya mkasi isisikike, kisha akaiingiza karatasi ndani ya koti.

"Umepata wapi hii?" Mjomba Rudy aliuliza, akiitandaza juu ya boneti.

"Maktaba. Walikuwa wanakitupa kitabu."

Uongo ulimtoka laini kama siagi. Mjomba alipiga mluzi wa furaha, akafunga betri mpya, akaifungua dashibodi na kuanza kazi. Lakini baada ya muda mluzi ulikatika.

"Ajabu. Nyaya kadhaa zinafika ukingoni mwa karatasi, zimeandikwa herufi, halafu basi. Zinakwenda wapi?" Alijikuna kichwa. "Haya, hizi mbili zina rangi moja. Nitazikisia."

Aliziunga. Dashibodi haikuwaka. Wakafunga banda, wakaingia ndani.

Baridi kali ilirudi jioni ile. Walikuwa mezani, Bibi, mama yake marehemu, akikata mkate mtamu wa iliki, iliposikika kutoka bandani:

"Mlango uko wazi."

Kisu kilisimama katikati ya mkate. Mama aligeuka mweupe kama ukuta.

"Mmeisikia?" Bibi alinong'ona.

Walitoka na tochi. Milango yote ya gari ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini jikoni. Lakini tarakimu za kijani zilikuwa zinawaka gizani, sifuri mbili, zikiwatazama. Kisha zikazimika zenyewe.

"Ni nyaya tu," Mjomba Rudy alisema. Alizimulika kwa tochi, hakuona kasoro. "Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa."

"Nyaya gani zinazongoja tukae mezani?" Bibi alimjibu. "Mwanangu ana neno. Marehemu hasemi bure. Kuna mtu hapa kaacha kitu wazi."

Kaisa alihisi karatasi ile ikimwasha mwilini, ingawa haikuwa tena ndani ya koti. Kesho yake alikwenda kuchukua kuni, na sauti ikamsemesha akiwa peke yake: "Mlango uko wazi." Kuni zilimponyoka. Hakuketi tena kwenye kiti cha gari. Usiku alijifunika mto kichwani, na bado aliisikia, safari hii si kutoka bandani.

Sasa, mji wao wa Vesala ni mji ambao ukipiga chafya jikoni kwako, jirani anakwambia pole kabla hujashika leso. Kufikia Jumapili nyumba ya akina Rautio ilifurika majirani. Walikuja na keki, walikuja na kahawa, walikuja na watoto. Walijipanga madirishani wakitega masikio upande wa bandani.

"Mimi nimemsikia!" alisema mmoja. "Sauti yake kabisa!"

"Acha urongo, wewe! Sauti ni ya mwanamke."

"Huko aliko huenda hawachagui!"

Wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, maana mjane alikuwa amepita na birika.

Katika umati huo alikuwamo Carl Tervo, jirani mpole, mwenye gari la aina ile ile. Hakucheka. Alimwendea Mjomba Rudy.

"Rudy, gari lenu linaongea, langu linapofuka. Taa za mbele zinazimika zenyewe. Juzi nilikuwa namrudisha mke wangu hospitali, kule mlimani, giza totoro, pap! Tukasimama katikati ya barabara. Lori la magogo likatupita karibu hivi." Alionyesha upana wa kiganja. "Nimekwenda maktaba kutafuta mchoro. Unajua nini? Mtu kaukata. Kwa mkasi!"

"Mkasi?" Mjomba Rudy aligeuka polepole. "Si walikuwa wanakitupa kile kitabu?"

"Nani kakwambia? Bi Odile alikaribia kulia. Na kesho alfajiri lazima tena nimpeleke mke wangu matibabu, taa ziwepo zisiwepo."

Kaisa alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliiona barabara ya mlimani, na mama Tervo, mke wa Carl, ameketi gizani, na taa za lori zikija. Mjomba Rudy alikuwa anamtazama. Angeweza bado kusema hajui. Nyumba nzima ingemwamini.

Na kutoka bandani, wazi kabisa, ile sauti: "Mlango uko wazi."

Watu walipiga kelele. Sinia lilianguka.

"Ni mimi!" Kaisa alilia. "Mimi ndiye niliyekata! Karatasi iko hapa nyumbani, sikutaka gari la Baba lichukuliwe, nikamdanganya Mjomba. Tafadhali, mama Tervo asiende bila taa!"

Mama aliweka birika chini. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga.

"Vaa koti," alisema. "Tunakwenda kwa Bi Odile. Sasa hivi."

Mjomba Rudy na Carl Tervo waliwafuata. Bi Odile alifungua maktaba akiwa bado na aproni ya jikoni. Kaisa alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili na kukiri tena, maana kosa hukiriwa kwa aliyekosewa. Bi Odile alikifungua kitabu, akaiweka karatasi mahali pake. Ndipo wote wakaona. Karatasi iliyofuata ilikuwa nusu ya pili ya mchoro ule ule. Kila waya uliofika ukingoni ulivuka na kuendelea upande wa pili, herufi kwa herufi.

"Loo!" Mjomba Rudy alijipiga paji la uso. "Waya wa mlango nimeuunga na waya wa umeme usiozimwa kwa ufunguo. Tena kiungo kimelegea: baridi ikikaza chuma, nyaya zinagusana, gari linadhani mlango umefunguliwa. Na tazama hapa, Carl: taa zako zote zinategemea skrubu moja nyuma ya dashibodi. Twende tukaikaze!"

Wanaume walinakili walichohitaji, wakaondoka mbio. Bi Odile alimgeukia Kaisa.

"Ulidhani unachukua karatasi, mwanangu. Mchoro ni njia. Ukiikata njia, anayekuja nyuma yako anaweza kufa, na wewe mwenyewe hufiki. Kila Jumamosi utakuja hapa kunakili kurasa zote zilizochakaa za kitabu hiki, ili asikose mtu mwingine."

"Ndiyo, Bi Odile."

Alfajiri Carl Tervo alipita mbele ya nyumba, taa zake zikiwaka bila kupepesa. Siku chache baadaye gari la Baba nalo lilitolewa bandani. Mama alishika usukani, Kaisa akakaa pembeni yake. Milango ilifungwa. Tarakimu za kijani ziliwaka, na ile sauti haikusema kitu.

"Mama, ulijua kwamba si Baba?"

"Nilijua." Mama alipangusa ukungu kwenye kioo. "Hata hivyo nilikuwa nikienda bandani mlipolala, kumsikiliza. Nilimwomba Mungu Rudy asigundue kasoro."

Kaisa aliinamisha kichwa. "Samahani."

"Umekosa, na umesema mbele ya watu wote. Hilo la pili baba yako angelisifu. Sikia, Kaisa. Aliyekufa hatuwezi kumrudisha kwa kumwibia aliye hai. Tukitaka kumkumbuka, tumkumbuke kwa mikono safi."

Kisha akawasha taa za mbele, na barabara ikaonekana mpaka kwenye kona.