Gome la Mkuyu wa Bangwe

"Laki nne? Kwa mti mmoja usiofaa hata kuni?" Nathaniel alikuwa kibarazani kwake Gungu, kidole kinamdonoa Mzee Yona kifuani. "Mzee, usinifanye mtoto."

"Si zangu, mwanangu. Ni za mbuzi mweupe, pombe ya ndizi na shuka. Vinapelekwa kigabiro kabla panga halijagusa. Wewe umekata kwanza."

Kigabiro ni kile kichaka cha mizimu kule Bangwe, alichokilinda Yona kama babake alivyokilinda. Na Nathaniel alikuwa mtafiti wa wadudu wanaoua miti. Kazi yenyewe ndiyo hii: unachukua mti mzima, unaubandua gome kiunoni, mzunguko kamili, upana wa kiganja. Mti ukianza kufa, mbawakawa wanaufuata kwa harufu, unawahesabu. Msitu wote ule, yeye akachagua mkuyu wa kigabiro kwa sababu ulikuwa karibu na barabara. Uvivu tu, usitafute neno jingine.

Lakini siku ya ishirini na moja tangu aubandue ilifika, na hakuna hata mdudu mmoja aliyetua juu yake. Kidonda kilikuwa bado kibichi, kinanuka kama bucha siku umeme umekatika.

"Nenda kaiambie mizimu yako ije na risiti," Regina, mkewe Nathaniel, alimcheka mzee.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Mradi wa utafiti ulishatoa hizo laki nne za kigabiro. Risiti ilitaka dole gumba la Yona. Regina akabonyeza la kwake, hela ikanunua friji. Wizi ni wizi, hata ukiugongea mhuri.

Siku tatu baadaye, mchana kweupe, Nathaniel akiwa amejilaza, Regina akasikia kitu kinatafuna. Kri. Kri. Kri. Akainua godoro, akagonga chaga: nzima. Ila shuka lilikuwa na unga mweupe, laini, kama wa msumeno. Akainama, akaweka sikio mgongoni kwa mumewe.

Kri.

Hospitali walisema mkanda wa jeshi, wakampa vidonge. Ule upele ukazunguka kiuno mpaka ukakutana, upana wa kiganja, ukawa mbichi na kunuka bucha, na kila Regina alipompaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, aliviona vitundu kama vya sindano vikifunguka na kutema unga, na chini ya ngozi michirizi ikitambaa kutoka uti wa mgongo kwenda mbavuni, mmoja mkubwa na midogo mingi pembeni, na Nathaniel, aliyeichora michirizi hiyo kwenye ripoti miaka kumi, akawa anaisoma kwa vidole na kulia.

"Jike linachimba njia kuu," alinong'ona. "Pembeni linataga. Regina, mti wa unene wangu haumalizi siku kumi na moja."

Siku ya tisa Regina alinunua mbuzi mweupe, akatuma bodaboda Bangwe. Mzee Yona alifika, akamtazama mgonjwa, hakumgusa mbuzi.

"Mbuzi huyu alikuwa wa kuomba ruhusa, binti. Ruhusa haiombwi baada ya kukata." Akageuka. "Watu wa mradi wamenionyesha karatasi, inasema nimepokea. Nani aliweka dole?"

"Yeye," Regina akajibu bila kupepesa, akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

Nathaniel alimtazama. Hakuwa na nguvu hata ya kukana.

Hapo kitanda kikalia. Mtu aliyeshindwa kugeuka wiki nzima alikaa wima, unga ukimwagika mbavuni kama pumba kinuni. Mzee Yona alishatoka nje, ndala kaziacha. Sauti iliyotoka haikuwa ya Nathaniel; ilikuwa ya ubao unaopasuliwa taratibu.

"Gome la huyu nimelijaribu kwenye kidonda changu. Limetobolewa, halinifai."

Macho yakapanda mikono ya Regina, yakafika shingoni, yakatulia.

"Lete lisilo na tundu."