Baada ya Mvua Gani?

“Mvua gani, Joash? Niambie, mvua gani!” Kavata alipaza sauti mpaka jirani, upande wa pili wa mabati, akaacha kuimba.

“Usinipigie kelele kama askari anayekagua pasi. Mwezi wa nne nilimwambia babako, na wewe umekaa hapo: nitaleta wazee wangu baada ya mvua. Alikubali, hakukubali?”

“Alikubali! Na mvua ikaisha mwezi wa tano!”

Joash akacheka. Huyu fundi wa mbao ni kijana wa Maragoli, na kwao mvua haina haraka ya kuisha. Inaanza karibu na Pasaka, inakusindikiza mpaka Krismasi iko mlangoni. Mtu mwenye akili hawapeleki wazee safari kabla ya Desemba, mpaka barabara ikauke. Mjomba ameshaambiwa, likizo imeshaombwa. Sasa kosa liko wapi?

“Unacheka nini?” Kavata alikuwa bado na gauni lake la kazi, lile jeupe la dobi ya hospitali, na ile harufu ya sabuni iliyomlevya Joash siku walipogongana sokoni, nyanya zikamwagika zote. “Kitui ni Maragoli? Kwetu Juni ni vumbi mpaka ndani ya chungu. Baba alivaa koti, akakaa barabarani kungojea basi. Jumamosi tatu, Joash! Watu wanapita wanamuuliza, mzee, mkwe ameliwa na simba?”

Joash akaacha kucheka.

“Mbona hukuniambia, mpenzi?”

“Julai nilikuuliza utaenda lini. Ukasema nini? ‘Mvua bado, mama.’ Nikajua umenichoka, unanizungusha.”

“Nilikuwa nasema mvua ya kwetu!”

“Ungesema hivyo.”

“Basi twende kesho. Nitamwangukia mzee miguuni, nitamwambia mimi ni mjinga wa…”

“Mwanzia amepeleka mbuzi tatu.”

Mwanzia, yule dereva wa lori aliyemtaka Kavata tangu zamani. Na mbuzi tatu, hata Joash alijua maana yake Ukambani: msichana ameshaposwa.

“Zirudishwe.”

“Zimeliwa.” Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yashuke tu. “Na ni mimi nilisema ndiyo. Baba aliniuliza mara mbili. Nilisema kwa hasira, Joash. Nilidhani hunitaki.”

“Nakutaka. Sasa umejua.”

“Sasa nimejua.”

“Basi sema hapana, Kavata wangu. Neno moja tu.”

Kavata alimwangalia sana, kama mtu anayeukariri uso wake.

“Siwezi kumkalisha baba barabarani mara ya pili.”

Joash alitafuta kofia yake, kumbe iko kichwani.

“Usiubamize mlango,” Kavata akasema polepole. “Bawaba ya chini imelegea.”

“Najua.”

Akatoka, akaunyanyua mlango kidogo kama alivyozoea, akaufunga.