Mpangaji Asiyesubiri Zamu

Harufu ya tumbaku ndiyo iliyotangulia, kwenye chumba ambacho hakuna aliyewahi kuvuta. Nimia Benítez aliinusa saa ya siesta, usingizi wa mchana, mji wote wa Encarnación ukiwa umelala na madirisha yamefungwa kwa joto. Humo ndani ilikaa seva yake, na tovuti zote alizozikodishia nafasi ziliishi ndani ya mashine hiyo moja: wauza mikate, makanisa, na ukurasa mdogo wa wachangia damu.

Siku hiyo mpangaji mmoja alikuwa anakula sahani za wote, nguvu yote ya mashine. Akaunti haikuwa na jina. Nimia akaiwekea kipimo cha matumizi. Kipimo kikafutika mbele ya macho yake. Akaifuta akaunti yenyewe, ikarudi imenenepa, na nyuma ya mashine kitu kikapiga mluzi.

"Kaka Arsenio," alinong'ona, "umefanya nini humu?"

Kaka yake alikuwa amekauka mlangoni. "Mashine ilikuwa inagoma, dada. Nikamwekea Bwana wa Usiku tumbaku na pombe ya miwa, atusaidie. Si bibi alikuwa anafanya hivyo shambani?"

"Kisha ukaacha kumwekea."

"Nilisahau. Sasa anajichukulia, hata mchana."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa pombe!"

Simu ikalia. Mwanamke alikuwa analia: mwanawe yuko mezani kwa madaktari, damu yake ni adimu, na ukurasa wa wachangiaji haufunguki.

"Tuwafunge wale wapangaji wadogo," Arsenio alisihi. "Akishiba ataondoka."

"Huyo hashibi. Na hapa hafungwi mtu."

Nimia alitia majani ya tereré, chai baridi ya kunywa kwa zamu, kwenye pembe ya ng'ombe, akamimina maji ya barafu, akaingia nyuma ya mashine, na mluzi ukasogea ukawa pumzi, pumzi ikawa joto shingoni mwake, harufu ya tumbaku ikachanganyika na ya manyoya yaliyolowa, huku taa za seva zikifunikwa moja baada ya nyingine; aliogopa, aliogopa sana, lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi.

Akanywa yeye kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye kumimina. Akampa Arsenio aliyekuwa amemfuata, ambaye meno yake yaligonga mrija wa kunywea. Kisha akainyoosha pembe gizani. Mkono wenye manyoya ukaipokea.

Katika nchi hii, ukipokea pembe umeingia kwenye duara, na kwenye duara hata rais husubiri zamu.

Mkono ulirudi upesi, ukitaka tena. Nimia akauchapa kofi.

"Umeshakunywa, Pombero!" Arsenio akajiziba mdomo, maana jina hilo la Bwana wa Usiku, pepo wa porini, halitajwi kwa sauti. "Shika adabu! Kila mtu na kipimo chake, hata wewe!"

Akarudi kwenye kibodi, akaiandikia akaunti ile kipimo sawa na cha muuza mikate. Safari hii hakikufutika. Taa zikawaka.

"Umefunguka!" yule mama alipiga kelele simuni. "Nimempata mtu, anakuja!"

"Ameondoka?" Arsenio aliuliza kwa kunong'ona.

"Nani kakwambia?"

Mkono ulikuwa bado umenyooshwa gizani, kiganja juu, vidole vikitetemeka kwa uchu. Nimia aliutazama, akajaza pembe polepole, akampa kaka yake.

"Zamu yako, kaka. Wala usiharakishe."