Nukta Iliyosema Magomeni

Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika watu wa kununua nguo za Idi, machinga wanashindana kwa vipaza sauti, na Siwema alikuwa nyuma ya meza yake ya vifungo na zipu akimpimia fundi cherehani lastiki. Hapo akaingia kijana mrefu mwenye kofia ngumu kwapani, fulana imemganda kwa jasho, anaongea na simu kama yuko kwao.

"Niko wapi? Niko Mtaa wa Kongo, ndani ya duka la vifungo. Mbele yangu kuna dada amevaa dera la zambarau na ushungi wa rangi ya bizari. Mzuri, ila ananiangalia kama mwizi. Hapana, achana na ramani. Ramani inasema niko Msimbazi, inadanganya."

Siwema akacheka kabla hajajizuia.

"Kaka, huoni haya kunitangaza hivyo?"

"Nimeulizwa niko wapi, dada. Nimesema ukweli."

"Wote?"

"Hata hapo pa uzuri."

Naye Siwema, kama kuna uongo aliouchukia duniani, ni ule wa maneno mawili: niko njiani. Bongo nzima inausema. Mtu yuko kitandani, shuka limemfunika kichwa, anakwambia niko njiani, nimeshafika kituo cha Fire. Mchumba wake wa kwanza alikuwa njiani mwaka mzima, kumbe njia yenyewe iliishia kwa mwanamke mwingine Temeke. Sasa leo kasimama mbele yake mwanamume anayesema alipo bila kuongeza wala kupunguza. Moyo ukamcheza.

Aliitwa Mbaruku, fundi wa minara ya simu. Alikuja kuomba ufunguo wa paa la ghorofa, uliokuwa ukitunzwa dukani kwa Siwema.

"Mitambo yako inakudanganya, halafu unataka kuipandisha juu?" Siwema alimchokoza walipofika paani, maana ufunguo ule hakuuachia mkono.

"Ndiyo dawa yake. Unaona majengo haya? Setilaiti inaita kutoka juu, sauti inagonga vioo vya ghorofa, inaifikia simu imechelewa. Simu inadhani iko mtaa wa pili."

"Kama mwangwi."

"Mwangwi hasa! Basi simu inaiuliza na minara ya chini. Mnara unawajua majirani, setilaiti inaijua dunia. Wakishauriana, mtu anajua alipo."

"Na hizo setilaiti ziko wapi?"

Mbaruku akamgeuzia simu. Kwenye kioo kulikuwa na duara, na ndani ya duara vidoa vidogo vikisogea taratibu. "Hapo juu ya kichwa chako. Mchana huu huu, wewe ukiuza zipu."

Siwema akainua uso. Aliona buluu tupu na kunguru mmoja. Miaka yote aliishi chini ya vitu vile, vikipita na kuita, na hakuna aliyemwambia. "Subhanallah," alisema, na mwili ukamsisimka mpaka vidoleni. Alipoushusha uso, Mbaruku hakuwa akitazama mbingu. Alikuwa akimtazama yeye.

Mapenzi yakaanza hapo, na hayakuomba ruhusa. Siwema alimwekea sharti moja tu: asimwambie niko njiani hata siku moja.

"Sitakwambia, laazizi. Nitakutumia nukta."

Nukta ilikuwa ile ya buluu kwenye ramani ya simu. Kila asubuhi Siwema aliitazama ikitoka chumbani kwake Buguruni, ikiteremka Ilala, ikija Kariakoo.

"Mbona umesimama Mchikichini?" alimpigia siku moja.

"Nimeona viatu vya mtumba, mama, vizuri ajabu."

"Vingine tena? Una miguu mingapi wewe?"

"Hivi ni vya posa."

Zipu ikamdondoka Siwema mkononi.

"Siwema? Uko wapi?"

"Niko hapa hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Siendi popote."

Wazee wa Mbaruku wakatuma salamu kwa shangazi Badria, aliyemlea Siwema, kwamba wangekuja kuposa Ijumaa. Mbaruku naye akamletea mchumba wake zawadi. Kampuni yake ilikuwa ikijaribu simu zinazoweza kutuma ujumbe hadi setilaiti pale minara inapokoma. Alipewa mbili, moja akabaki nayo, ya pili akampa yeye.

Wiki ya posa mvua za masika zikamwagika. Jangwani kukawa ziwa, minara kadhaa ikakosa umeme, na Jumatatu kina Mbaruku wakaleta Ilala, mtaani kwa shangazi Badria alikoishi Siwema, mnara wa muda uliopachikwa juu ya lori. "Niko mtaani kwenu, laazizi," alimwandikia. Siwema, akiwa dukani, akaifungua ramani aione nukta yake.

Nukta ilikuwa Magomeni.

Magomeni alikuwa akiishi Nasreen, mtalaka wa Mbaruku. Siwema alimpigia Mbaruku papo hapo.

"Uko wapi?"

"Nimekwambia, Ilala. Nimo ndani ya kontena la mitambo, joto humu usiseme."

"Nukta yako iko Magomeni."

"Magomeni? Haiwezekani."

"Nimuulize nani sasa, wewe au Nasreen?"

"Siwema, hebu nisikilize..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, yule dada wa mtandao mwenye sauti ya asali akamwambia namba anayopiga haipatikani. Alipiga mpaka sikio likamuuma, jibu ni lile lile.

Jioni Mbaruku alikuja dukani, buti zimejaa tope. Alisema walizima mitambo kidogo, ndiyo maana simu ilikata.

"Na nukta?"

"Sijui, Siwema. Siku ya kwanza nilikwambia ramani inadanganya."

"Ilidanganya mtaa mmoja! Toka Ilala mpaka Magomeni kuna bonde zima la Jangwani."

"Wallahi sijui. Ila nitajua."

Angetunga sababu, labda angesikilizwa. Lakini huyu mtu wa kweli alisema sijui, na Siwema akalisikia neno lile kama kukiri kosa. Akamwambia wazee wasije. Mbaruku alisimama pale kama aliyemwagiwa maji, akamrudishia ufunguo wa paa ambao siku hizi alikuwa akiachiwa, akaondoka. Kesho yake kampuni ilitaka mtu wa kwenda kusimika mnara ndani ndani huko Liwale, naye akajitolea.

Jumatano Siwema aliamka macho yamevimba. Mvua ilikuwa ikipiga bati la shangazi Badria, hakuna wa kutoka kwa miguu, akaita bodaboda kwa simu. Haukupita muda dereva akapiga.

"Dada, toka nje, nimefika."

"Mbona sikuoni?"

"Nipo kwenye nukta yako hapa. Magomeni, karibu na saluni."

"Magomeni ya nani? Mimi niko Ilala, kaka, sebuleni kwa shangazi!"

"Mimi nitajuaje, dada? Simu yako ndiyo imesema."

Siwema akakumbuka ule mnara walioletewa Jumatatu. Kisha akatoka mbio na kandambili, bila mwavuli, mpaka mwisho wa mtaa lilipoegeshwa lori la mnara. Mlinzi, mzee Heriel, alikuwa amejikunyata chini ya turubai.

"Shikamoo mzee. Huu mnara umetoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Si Magomeni? Umekaa kule tangu mwaka jana."

Hapo akaelewa. Mnara ulikuwa umehama, lakini hakuna aliyeiambia ramani. Simu iliyofungiwa ndani ya nyumba, au ndani ya kontena la chuma, haisikii mbingu. Inauliza mnara wa karibu, na mnara ule ulikuwa bado unajulikana kuwa wa Magomeni. Mbaruku alikuwa hapo hapo, nyuma ya nyumba yao, akitoka jasho.

"Nimemdhulumu mtu wa watu," Siwema alisema kwa sauti, mvua ikimchuruzika usoni.

Alimpigia, hapatikani. Akaenda dukani, akaitoa ile simu ya majaribio kwenye droo ya zipu, akaandika neno lile lile la siku zote: *Uko wapi?*

Hakuwa na haja ya kupanda paani. Ujumbe ungeondoka tu kupitia minara ya Kariakoo, kisha ukapaa. Lakini alipanda, maana alitaka kuiona njia utakayopita. Mvua ilikuwa imekatika. Chini, Kariakoo ilikuwa ikipiga kelele zake. Juu, mawingu yalikuwa yakiachana. Swali lake dogo lilikuwa limekwenda huko kusikofika ndege, linamtafuta mtu mmoja kwenye pori zima la kusini. Siwema aliogopa, akastaajabu, akaona yeye ni mdogo na anapendwa kupita kiasi chake, vyote kwa pamoja.

Simu ikatetemeka.

*Niko barabara ya Liwale. Nimesimama juu ya boneti, mbele kuna mti umeanguka. Dereva wangu Isidori ananiangalia kama kichaa. Nimevaa viatu vya posa, vimejaa tope.*

Chini ya maneno palikuwa na nukta, katikati ya kijani tupu, hapana nyumba wala jina la mtaa.

Siwema alilia huku akiandika. *Nisamehe mpenzi wangu. Na mimi leo simu yangu imesema niko Magomeni. Ni mnara ule wa kwenye lori.*

Jibu lilichelewa. Kisha: *Ee Mola! Tuliuhamisha bila kuuandikisha upya. Laazizi, Ijumaa bado nitakuwa huku.*

*Tangu lini bwana harusi akaja kwenye posa yake? Niletee wazee. Wewe maliza mnara.*

Ijumaa baada ya swala wazee wakaja, kanzu zimenyooka. Shangazi Badria akafungua kikao kwa ubani na kahawa, mshenga akasema yake kwa mafumbo mpaka kila mtu akacheka. Kisha shangazi akaingia chumbani kumuuliza mwali kama ameridhia, kwa sauti ya kusikika hadi ukumbini.

"Na huyo kijana mwenyewe, mwanangu, yuko wapi? Nisije nikamwoza binti yangu kwa mtu hewa."

Siwema akaitazama simu iliyokuwa mapajani mwake. Mnara wa Liwale ulikuwa umesimama tangu alfajiri, na nukta ya buluu ilikuwa imeshatoka kwenye kijani, imeingia barabara kuu, inakuja kaskazini.

"Yuko njiani, shangazi," alisema.

Na maneno yale, kwa mara ya kwanza maishani mwake, yalikuwa kweli.